Darasa linaondoka, linataka kuacha vimbweta chuoni: hatua, vipimo na pale mambo yanapoharibika

#1 Kimbweta_Cha_Mwembeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mwaka magrupu ya WhatsApp ya mafinalisti huuliza swali lilelile: tuache nini chuoni? Wengi huangukia kimbweta, yaani meza ya zege yenye mabenchi ya kukaa nje, na naona wanachagua vizuri. Mwanafunzi wa Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), aliyekosa chumba cha ndani ya kampasi, anayetoka Mabibo au Changanyikeni asubuhi na hana pa kurudi mpaka kipindi cha saa kumi jioni, makazi yake ya mchana ni kimbweta. Hapo ndipo diskasheni hufanyika, desa (notsi) hupitiwa, chipsi huliwa, na wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) watu hukesha.

Moyo wa kutoa upo. Kinachokwamisha ni mpangilio: pesa zinakusanywa nusu, kibali kinachelewa, darasa linatawanyika. Au kimbweta kinajengwa kwa haraka, na baada ya masika mbili meza ina ufa na nondo zinachungulia. Naomba uzi huu uwe wa kazi. Mimi naanza na ratiba na kibali, wenye ujuzi wa zege na hesabu watajazia. Mfano wangu ni UDSM, lakini vyuo vingine vya umma havitofautiani sana.

Ratiba. Hesabu kwa kurudi nyuma. Zege hufikia nguvu yake ya kawaida siku ya 28. Masika ya Dar ni Machi hadi Mei, na UE ya muhula wa pili inakaribia Julai. Kwa hiyo dirisha zuri la kumwaga zege ni mwanzoni mwa Juni, siku ya Jumamosi ili kelele zisiingie madarasani. Barua ya kibali iwe imefika ofisini Januari. Kamati iundwe mara tu mwaka wa mwisho unapoanza, watu wakiwa bado hawajabanwa na tafiti zao. Mkisema mtajenga kati ya UE na mahafali, mtakuwa mmebaki wawili watatu mnaokaa Dar, na kazi yote itawaangukia hao.

Kibali. Barua huanzia kwa CR (mwakilishi wa darasa), inapita kwa mkuu wa idara, inakwenda kwa Rasi wa Ndaki (mkuu wa koleji), nakala kwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na mwisho inatua kwa watu wa miliki, ambao wanafunzi huwaita esteti. Ambatisha vitu vitano: picha ya eneo, mchoro wenye vipimo, orodha ya vifaa, jina la fundi na msimamizi, na sentensi moja inayosema wazi kwamba kikishakabidhiwa kimbweta ni mali ya chuo.

Kosa kubwa ni kuchora kwanza na kuuliza baadaye. Nendeni esteti kabla ya mchoro, muombe afisa awaonyeshe yanakopita mabomba ya maji, ya majitaka, nyaya za umeme na mkonga wa intaneti. Chini ya nyasi za chuo kikongwe kuna mambo mengi. Mlimani pamekuwa pakijengwa tangu chuo kilipohama Mtaa wa Lumumba mwaka 1964, na mabomba ya miaka tofauti hayafuati mstari mmoja. Pia waulize njia ya gari la zimamoto. Eneo linaloonekana tupu mara nyingi limeachwa tupu kwa sababu.

Karibuni.

---

#2 Fundi_Jamvi

Mkuu umeanza vizuri. Nachukua upande wa zege.

Nitumie kimbweta cha mstatili, meza moja na mabenchi mawili, cha watu 6. Cha duara kinapendeza, ila mbao zake ni ghali na mafundi wengi hukosea mzingo.

Meza: urefu mita 1.8, upana sentimita 80, unene sentimita 8. Uso wa meza uwe sentimita 75 kutoka sakafuni. Benchi: urefu mita 1.8, upana 35, unene 8, kimo cha kukalia sentimita 45. Nafasi kati ya ukingo wa meza na ukingo wa benchi iwe 10 hadi 15. Ikipungua, mtu mnene hapiti. Ikizidi, anayeandika anainama mpaka mgongo unamuuma, na anaishia kukalia meza yenyewe. Jamvi la chini (sakafu ya zege) mita 2.4 kwa 2.4, unene 8, juu ya mawe na moramu iliyoshindiliwa.

Miguu ya meza miwili, kila mmoja upana 60 na unene 15. Ya benchi minne, upana 30 na unene 15. Yote izame sentimita 30 ardhini.

Ukijumlisha unapata karibu mita moja ya ujazo wa zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko sita na nusu ya saruji. Nunua 8 ili ipatikane ya plasta, niru (uji wa saruji wa kulainisha uso) na inayomwagika. Mchanga nusu mita ya ujazo, kokoto mita 0.9, nondo za milimita 10 zenye urefu wa mita 12 ziwe 6, waya wa kufungia kilo 1.

Kipimo site: mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa hiyo mfuko mmoja, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo 7, maji lita 25 hadi 28, basi. Hapo kwenye maji ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Zege zito linachosha kulichanganya kwa beleshi, wanaongeza maji liwe kama uji, na uso wa meza unakuja kumomonyoka kama biskuti. Simameni na ndoo ya maji wenyewe.

Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi na chumvi inakula nondo. Wa shimo au wa mto upimeni hivi: jaza chupa ya maji nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho yake. Tabaka la tope likikaa juu likazidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, rudisha lori.

Sasa nondo, someni hapa polepole. Katikati ya miguu miwili, meza inavutika upande wa chini, hivyo nondo zinakaa chini, zikiinuliwa sentimita 2.5 kwa vipande vidogo vya zege ili zisiguse mbao. Lakini ncha za meza zinazotokeza nje ya miguu zinavutika upande wa juu. Mtu akikalia ncha, ufa unaanzia juu, sambamba na mguu. Vimbweta vingi vilivyovunjika vimevunjika hapo hapo, kwa sababu fundi aliweka nondo za chini tu. Dawa yake: ncha isitokeze zaidi ya sentimita 25, na juu ya kila mguu weka vipande vinne vya nondo vya sentimita 70 karibu na uso wa juu, vikivuka mguu kwenda pande zote mbili.

Uso wa meza uwe na mteremko wa sentimita 1 kutoka kati kwenda pembeni, maji ya mvua yasituame. Kingo zote zipigwe duara, zisikwangue mikono wala begi la laptop.

---

#3 CR_Mwaka_wa_Tatu

Asante sana mkuu Fundi. Tuna wazo la kumwaga meza chini, halafu tuzipandishe juu ya miguu zikishakauka, maana tunajenga 4 na mbao ni chache. Inawezekana?

---

#4 Fundi_Jamvi

Inawezekana, na uso unatoka laini kuliko kumwaga juu. Tandika nailoni nzito juu ya plaiwudi iliyonyooka, funga mbao za pembeni za sentimita 8, mwaga huku uso wa meza ukiwa umeangalia chini. Mteremko niliotaja hapo juu hautapatikana kwa njia hii, kwa hiyo mtaulaza kidogo upande mmoja wakati wa kuweka juu ya miguu.

Hatari iko kwenye nondo. Ukimwaga kichwa chini, kila kitu kinageuka. Nondo zilizotakiwa kuwa chini ya meza sasa zinakuwa juu ya fomu (kisanduku cha mbao cha kumwagia zege), na zile za juu ya miguu zinakuwa chini. Fundi akisahau, meza ikigeuzwa nondo zote ziko upande usiofaa, na inaweza kukatika siku ya kuinuliwa. Andikeni kwa chaki kwenye mbao: UPANDE WA JUU WA MEZA UKO CHINI HUKU.

Meza moja ina uzito wa karibu kilo 275, benchi kilo 120. Inueni baada ya siku 14 zisizopungua, watu 8 kwenye meza, 4 kwenye benchi. Miguuni acheni nondo zilizochomoza, na chini ya meza matundu ya kuzipokea, mjaze kwa mota ya 1:3 (saruji moja, mchanga tatu).

Kuhusu plaiwudi: shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatoa meza moja na benchi moja, maana baada ya kukata sentimita 80 za meza kinabaki kipande cha 42, na benchi linataka 35. Shiti mbili zinatosha kwa kazi nzima mkizizungusha. Tatizo ni muda tu.

---

#5 Mweka_Hazina_Mstaafu

Habari wakuu. Upande wa fedha.

Kwanza amueni: mnatoa pesa au mnatoa kitu? Chuo cha umma kikipokea pesa, zinapita kwenye kontroli namba na kuingia kwenye mfumo wa serikali, na kuzitoa kwa ajili ya kimbweta chenu kunafuata taratibu za manunuzi. Kwa zawadi ndogo toeni kitu kilichokamilika, kwa barua ya makubaliano. Pesa zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Benki itawaomba muhtasari wa kikao, katiba fupi na vitambulisho. Msikusanyie kwenye namba ya simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Simu huibiwa, laini hufungwa.

Kiwango. Mwanafunzi mwenye mkopo kamili anapata 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Mchango wa 20,000 ni siku zake mbili. Asiye na mkopo, au mwenye asilimia ndogo, hizo ni pesa kubwa. Wekeni kiwango cha chini ambacho hata yeye anaweza, anayeweza zaidi aongeze. Na tafadhali sana, msibandike orodha ya wasiotoa kwenye grupu. Bandikeni jumla iliyopatikana na risiti, basi. Majina ya wadaiwa yanageuza zawadi kuwa deni, na watu wanaondoka chuoni na kinyongo.

Wakati: tangazeni wiki mbili kabla ya bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu), kusanyeni ndani ya siku 5 baada ya kuingia. Wiki ya tatu hakuna kitu.

Fundi alipwe kwa kimbweta, sio kwa siku, na kwa awamu: asilimia 30 nondo na mbao zikishakaguliwa, 40 siku ya zege, 30 siku ya kukabidhi. Ukilipa yote siku ya zege, umwagiliaji (kulilowesha zege likomae) hauna mwenyewe. Wekeni akiba ya asilimia 10. Bei za saruji chukueni hadwea mbili wiki ileile ya kununua, bajeti ya Januari haifai kununulia Juni.

Mchanga na kokoto: msinunue kwa neno "tripu". Pimeni bodi ya gari kwa futi, urefu mara upana mara kimo cha mzigo. Kenta (malori madogo) mbili zinaweza kutofautiana sana.

---

#6 Mwanandaki

Naongeza kitu ambacho karibu kila darasa linasahau: mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu anakaa wapi? Vimbweta vingi vina benchi pande zote, yeye anabaki pembeni kama mgeni kwenye diskasheni ya kundi lake.

Haiongezi gharama. Benchi moja lifanyeni la mita 0.9 badala ya 1.8, nusu ya pili ya upande huo ibaki wazi. Chini ya meza hapo kuwe na nafasi ya kimo cha sentimita 67 hadi 70 kwa magoti, na upana usiopungua 80, kwa hiyo nafasi hiyo iwe kati ya miguu miwili ya meza, na benchi fupi lisogee nje kidogo. Jamvi liwe sawa na njia, bila ngazi, na njia yenyewe upana wa sentimita 120. Kama jamvi limeinuka sentimita 10, mteremko wa kupandia uwe na urefu wa mita 1.2. Choreni hivyo tangu mwanzo, maana kuvunja benchi baadaye ni kazi.

---

#7 Mama_Bustani

Wanangu, kivuli kinachaguliwa kwa macho mawili: juu na chini.

Angalia chini ya mti saa 12 asubuhi. Udongo ukiwa mweupe kwa vinyesi, hapo kunguru wanalala, na kunguru wa Dar hawahami. Hamtakaa. Mwembe una kivuli kizito sana lakini msimu wake unadondosha embe na utomvu juu ya karatasi, na nzi wanafuata. Mkungu unapukutisha majani makubwa kwa mkupuo. Mwarobaini ni mzuri, majani madogo, upepo unapita. Mkuyu na jamii yake usiukaribie kabisa, mizizi yake inainua jamvi.

Kaeni angalau mita 2 kutoka shina, na msikate mzizi mnene kuliko mkono ili msingi upite. Sogezeni mguu. Ukikata mizizi ya upande mmoja, mti unaweza kuanguka upande wa pili siku ya upepo, na chini yake kuna watu.

Kivuli pia kinahama. Nendeni saa 4, saa 7 na saa 10 mkaweke alama kwa vijiti. Pale ambapo alama tatu zinakutana ndipo pajengwe.

---

#8 Ngongona_Kwetu

Huku Dodoma miti ya chuo bado ni michanga, chuo chenyewe ni cha 2007, hivyo bila paa kimbweta ni cha saa moja asubuhi tu. Mkiweka paa, nguzo ziwe za chuma zilizosimikwa nusu mita kwenye zege, na bati lifungwe vizuri, upepo wa huku unang'oa.

Jua kali na upepo vinakausha zege kabla halijashika. Mwageni alfajiri, funikeni kwa nailoni saa ileile. Magunia yaliyolowa peke yake hayatoshi, baada ya saa mbili yamekauka.

---

#9 Mhitimu_Msahihishaji

Wakuu naheshimu yote, ila naomba mfikirie jambo jingine. Kabla ya kujenga vipya, zungukeni chuo mhesabu vilivyokufa. Kukarabati vimbweta 10 kunaweza kugharimu sawa na kujenga viwili, na faida inawafikia watu wengi zaidi. Hakuna picha nzuri ya kukata utepe, najua. Lakini mwanafunzi anataka pa kukaa.

Namna yake: gonga kwa nyundo, panapolia kama debe tupu pamebanduka, chimba pote. Nondo yenye kutu ichimbuliwe mpaka nyuma yake, sentimita 2 zaidi ya ilipo, isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Loanisha zege la zamani tangu usiku. Paka uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka jaza mota ya 1:3 kwa kushindilia. Mwagilia siku 7. Wanaopaka plasta juu ya kutu wanaificha tu, inarudi ndani ya mwaka na kubandua kipande kikubwa zaidi.

Meza iliyokatika karibu na mguu, kama alivyosema Fundi, haikarabatiwi. Toa, mwaga nyingine.

---

#10 Kimbweta_Cha_Mwembeni

Mkuu #9, nakubaliana nawe kabisa. Hata barua ya ukarabati ni nyepesi, maana eneo lilishakubaliwa. Darasa dogo la watu 20 au 30 lichukue njia hii.

---

#11 Taa_na_Soketi

Kwa wanaotaka umeme: fundi wa umeme awe wa chuo, msimlete wa mtaani. Waya upite kwenye bomba la plastiki, kina cha nusu mita, juu yake mchanga laini na utepe wa tahadhari. Soketi ziwe za nje zenye kifuniko, zikae sentimita 60 juu ya jamvi, upande usiopigwa na mvua, na mstari wake uwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Hicho sio cha kubana matumizi.

Taa za sola za kwenye nguzo fupi betri zake huibwa. Kama kuna jengo mita 10 au 15 karibu, taa ifungwe ukutani kwa jengo, ielekezwe vimbwetani.

---

#12 Msajili_wa_Tisini

Kwa wahitimu wa zamani mnaosoma hapa: Baraza la Masajili ndicho chombo cha wahitimu wa UDSM. Darasa lenu likitaka kurudi na zawadi miaka 20 baadaye, anzieni huko, watawaelekeza ndaki ipi ina uhitaji gani. Mafinalisti nao wakabidhi nakala ya barua ya makabidhiano huko, pamoja na mawasiliano ya watu wawili wa darasa. Kimbweta kikipasuka mwaka wa sita, kuna wa kuulizwa.

Jambo la kibao. Shaba na aluminiamu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chongeni maandishi kwenye zege lenyewe au tumieni kipande cha marumaru kilichozamishwa sawa na uso wa ubavu wa meza, sio juu, ambapo madaftari yatakisugua. Andikeni programu na mwaka wa kuhitimu. Msiandike orodha ya majina: akikosewa mmoja herufi au akasahaulika, ndiye atakayekumbuka hicho kimbweta kuliko wote.

---

#13 CR_Mwaka_wa_Tatu

Shukrani sana wakuu, tumechukua kila kitu. Swali la mwisho: Mweka Hazina ametaja umwagiliaji. Nani anamwagilia, mara ngapi, na tukiwa kwenye test je?

---

#14 Fundi_Jamvi

Siku 7 za kwanza, mara tatu kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 12 jioni. Magunia juu, yasikauke. Tengenezeni orodha ya watu 21, kila mmoja zamu moja tu, jina na saa, ibandikwe kwenye grupu, na kila anayemaliza anatuma picha ya gunia lililolowa. Jumapili mchana ndiyo zamu inayorukwa, mpangieni anayelala hosteli za ndani. Ndoo mbili na kopo vikae kwa mlinzi wa jengo la karibu, mumwombe mapema.

Mbao za pembeni zitoke siku ya pili. Kwa meza mliyomwagia juu, mirunda (miti ya kuegemeza) ya chini isiguswe mpaka siku ya 14, hata fundi akisema anaihitaji kwingine. Zungushieni kamba na karatasi yenye tarehe ya kuanza kukaliwa, la sivyo siku ya tatu mtakuta watu 6 wameshafungua laptop.